Siku moja maishani mwangu: tekniksheni wa labu ya umeme, chuo kikuu, Nairobi

Mwezi uliopita kwenye harusi ya binamu yangu mzee mmoja aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia niko chuo kikuu, labu ya umeme na elektroniki. Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Kumbe wewe ndiye unafungulia wanafunzi mlango." Sikumjibu, ni mtu mzima na hakuwa na nia mbaya. Lakini iliniingia moyoni ikakaa, kwa sababu nina miaka 11 kwa hii kazi na hata ndugu zangu wa damu wengi hawajui huwa nafanya nini nyuma ya huo mlango. Kwa hivyo hii ni Jumatano yangu, vile ilivyokuwa.

Saa kumi na nusu alfajiri naamka. Chai, sare za watoto, kufunga chakula changu, na ikifika saa kumi na moja na nusu niko steji Githurai, kwa sababu nikichelewa hata nusu saa Thika Road itakuwa imesimama na nitafika tao nikiwa nimechoka kabla sijaanza.

Saa moja kasoro niko labu, na sasa niwaambie ukweli, hii ndiyo saa naipenda kuliko zote. Hakuna mtu. Nawasha taa, nafungua kabati, natoa multimita zote 14, zile mita za kupima umeme, naziweka mezani kwa mstari, nazipima moja moja. Kwa nini kila siku? Kwa sababu mwanafunzi mgeni akitaka kupima karenti anasahau kwamba mita inafaa kukaa ndani ya njia, karenti yote ipitie ndani yake, yeye anaiweka sambamba vile mtu hupima volti, na fyuzi ya miliampea 200 inakatika papo hapo. Aliyeikata wa jana jioni hasemi. Wa leo asubuhi anaichukua, inamsomea sifuri, anaandika sifuri kwa ripoti, anahesabu hesabu zake zote na hiyo sifuri na anarudi nyumbani akiamini kwamba yeye hajui umeme. Nimeona watoto werevu wakikata tamaa na kozi kwa sababu ya fyuzi ya bei ya peremende. Leo zilikuwa tano zimekatika, nikabadilisha. Siku moja nilikuta mita mtu ameifunga fyuzi na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ndiyo ionekane inafanya kazi, na stima yetu ni volti 240, sasa siku hiyo fyuzi inatakiwa ikatike haikatiki na kinachoungua ni mkono wa mtu. Hiyo fyuzi bado ninayo kwa droo, kila mwaka naitoa nawaonyesha wa mwaka wa kwanza wote, waiguse.

Saa mbili hadi saa tano ni praktiko mbili mfululizo, wanafunzi 58 kwa osiloskopu 9 (mashine inayochora volti kwa skrini vile inavyopanda na kushuka), mwalimu wa somo anaeleza dakika 20 anaenda, mimi nazunguka meza hadi meza. Katikati kuna mtu ameleta boksi za vifaa, akanipita mlangoni akaingia hadi ndani akiuliza "fundi yuko wapi?" Nikamwambia ndiye mimi. Akaniuliza tena.

Saa tano na nusu ndipo akaja huyu kijana.

Ni wa mwaka wa tano, mwaka wa mwisho, projekti yake anaitetea Ijumaa mbele ya majaji. Alikuwa na macho mekundu, amebeba bredibodi, ule ubao wa mashimo wa kuchomeka waya bila kulehemu, kwa mikono miwili kama mtu amebeba uji wa moto. Akaanza kuongea kabla hajafika mezani, ati mwalimu hii labu yenu iko na shida, projekti yangu hosteli inafanya, nikiingia tu hapa inakufa, ni stima yenu, ama ni soketi zenu, majaji watakaa hapa hapa chini na mimi nitaanguka kwa sababu ya soketi. Sauti ilikuwa juu, wenzake wakageuka kuangalia. Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi na nilitaka kumwambia atoke nje arudi akijua kusalimia watu, lakini nikaangalia ile mikono ilivyokuwa ikitetemeka nikavuta kiti nikamwambia kaa kwanza, niambie inafanya nini.

Na kitu chenyewe ni kizuri, nataka mjue hivyo. Shangazi yake ana ploti Embakasi, maji ya mfereji yanakuja siku mbili kwa wiki, na tangi la chini ya ardhi hakuna mtu anajua limebaki na kiasi gani mpaka pampu ianze kuvuta hewa. Huyu kijana ameweka kihisi kinachorusha sauti chini kwa maji na kusikiliza mwangwi, bodi ndogo ya ESP32 inapiga hesabu, halafu moduli ya simu ya SIM800L yenye laini ya kawaida inatuma SMS kwa shangazi na keateka. Nilikagua waya zake. Kihisi kinatoa volti 5 na ESP32 inataka volti 3.3, na alikuwa amekumbuka kuweka resista mbili kuzigawanya, kitu wengi hawakumbuki mpaka bodi iungue. Nikamwambia hapa umefanya kazi safi. Akashusha mabega kidogo.

Tukawasha. Taa ya moduli ikaanza kupepesa kila sekunde, hiyo maana yake inatafuta mtandao, halafu ikapunguza mwendo hadi kila sekunde tatu, imeshika. Akabonyeza tuma. Taa ikazima. Kisha ikaanza upya, kila sekunde. "Umeona?" akasema. "Wiki mbili hivi. Nimeandika programu upya mara nne. Nimeuliza watu kwa mtandao, wote wanasema ni programu." Nikamuuliza umepima volti? Akasema amepima, ni 4 kamili haitingiki, akachukua multimita akanionyesha, na kweli ilisoma 4.02, akatuma tena, taa ikazima, mita bado 4.02. "Sasa itakuwa nini?"

Hapa ndipo kazi yangu iko. Multimita ya kawaida inasoma mara mbili tatu kwa sekunde. Simu ya mtandao wa 2G hairushi mfululizo, inarusha kwa mipigo, mpigo mmoja ni maikrosekunde 577, yaani zaidi kidogo tu ya nusu ya sehemu ya elfu ya sekunde, na katika huo mpigo ile moduli inaweza kuvuta hadi ampea 2. Mita haiwezi kuona hiyo. Inaona kabla na inaona baada. Nikaleta osiloskopu, nikashika pini za moduli yenyewe, si kule kwa chanzo, nikaiambia ingoje volti ikishuka ndiyo ichukue picha. Nikamwambia tuma. Na hapo kwa skrini ikatokea, mstari umenyooka kwa 4, halafu shimo, unashuka hadi 2.9, unapanda, shimo tena. Hiyo moduli inataka angalau 3.4. Chini ya hapo inazima.

Kijana alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema pole pole, "Kumbe programu haikuwa na makosa." Nikamwambia haikuwa. Akafunika uso.

Lakini bado hakuwa amejibiwa swali lake, kwa nini hosteli ifanye na huku ikatae, na sikutaka aende bila hilo jibu kwa sababu majaji watamuuliza. Hosteli yao iko karibu na busta, ule mnara wa simu, labu yetu iko chini kabisa, kuta za mawe mazito, mtandao hafifu. Simu ikiwa mbali na busta inaambiwa iongeze nguvu ya kurusha, kama mtu anayeongea na mwenzake wa ng'ambo ya bonde, lazima apige kelele. Kupiga kelele kunakula karenti. Karenti inapita kwa zile waya zake nyembamba za jampa na mashimo ya bredibodi yaliyolegea, na ukijumlisha hayo yote ukinzani ukafika nusu ohm tu, ampea 2 mara nusu ni volti 1 imepotelea njiani. Nne toa moja. Akachukua kalamu akaandika hiyo hesabu mwenyewe kwa kiganja. Hesabu ya shule ya upili, lakini leo ilikuwa imemshika koo.

Dawa yake ni rahisi, waya nene fupi zilehemiwe moja kwa moja, na kapasita ya maikrofaradi 1000 pale pale kwa miguu ya moduli, iwe kama tangi dogo la karibu, mpigo ukija uchote hapo badala ya kungoja yatoke mbali. Nilipomwambia hivyo alicheka mara ya kwanza, kwa sababu projekti yake ni ya tangi.

Sasa kapasita. Hapa siku ikaniharibikia. Stoo wanazo, naziona na macho yangu nyuma ya wavu, lakini ili itoke moja lazima fomu iwe na sahihi tatu. Sahihi ya kwanza nilipata. Ya pili mwenyewe alikuwa mkutanoni. Nikangoja nje ya ofisi nimesimama kwa sababu benchi lilikuwa limejaa, saa saba ikapita, saa saba na nusu, chakula changu kiko labu kimepoa, kijana ananipigia simu kila dakika kumi, nikaenda kwa wa tatu nione kama atatia kabla ya wa pili, akasema hawezi na namwelewa, ukaguzi ukija yeye ndiye anaulizwa. Wa stoo pia si mtu mbaya. Lakini nilisimama hapo miguu ikiniuma nikiwaza, tunafundisha watoto watengeneze vitu vya kusaidia nchi, na kitu cha shilingi chache kinachukua nusu siku. Ningemtuma Luthuli Avenue, kwa maduka ya elektroniki, akanunue lakini alikuwa ameshaniambia pesa ya nauli ndiyo ya chakula cha jioni. Saa nane na nusu nikarudi bila kitu.

Chini ya meza yangu kuna katoni la pawasaplai za kompyuta zilizokufa, sizitupi. Nikafungua moja mimi mwenyewe, yeye nilimwambia akae mbali, kwa sababu upande unaoingia stima kapasita zake kubwa hukaa na zaidi ya volti 300 na zinaweza kukungoja hata baada ya kuchomoa. Nikapima kwanza, zilikuwa zimeisha kabisa, lakini napima kila mara. Upande wa pili nikatoa nne ndogo, tatu zilikuwa zimevimba kichwa, ya nne nzima. Nikaipima: maikrofaradi 940. Inatosha.

Yeye ndiye alilehemu, si mimi. Viungo viwili vya kwanza vilikuwa vibaya, baridi, kama matone ya nta, nikamwambia toa uanze upya, pasha mguu kwanza, risasi ya kulehemia iyeyuke kwa mguu si kwa pasi ya kulehemu. Cha tatu kiling'aa. Tukarudi kwa osiloskopu, tuma, na shimo likawa kijibonde tu, 3.8. Simu yangu ikalia mezani. TANGI 1 ASILIMIA 64. Tangi lenyewe lilikuwa ndoo ya kupigia deki.

Huwa nawaambia kuhusu 1KUNS-PF, ile satelaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, sentimita 10 kila upande, iliyoachiliwa kutoka Kituo cha Anga cha Kimataifa Mei 2018. Nikamwambia na huyu. Huko juu kiungo kikiachia hakuna wa kukilehemu, kila kitu kilibidi kihakikishwe chini hapa, na watu waliokaa usiku wakipima volti na waya majina yao hayasomwi popote. Akaniuliza kama nilikuwa mmoja wao. Nikasema hapana, lakini kazi ni hii hii.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipokula. Kulikuwa na praktiko nyingine ya jioni, mita mbili zikakatwa fyuzi, na karakana waliniita, stima ya fezi tatu ya mashine ya kuchonga vyuma imekataa kuwaka. Nikafunga labu giza likiingia.

Kwa matatu nilikaa na jirani yangu, mtoto wake yuko Gredi ya 10 na amechagua mkondo wa sayansi na teknolojia, akaniuliza lazima awe injinia ndiyo apate maisha? Nikamwambia kuna mainjinia na kuna sisi mateknolojisti na matekniksheni, tuna hata bodi yetu ya usajili kwa sheria ya 2016, na nchi inatuhitaji wote. Akasema hakuwahi kusikia. Nikamweleza kutoka Pangani hadi Githurai, sauti imenikauka.

Nikiwa naosha vyombo simu ikalia. Kijana alikuwa amepeleka kitu chake Embakasi usiku huo huo, akashuka na keateka hadi kwa tangi la chini ambapo mtandao ni mbaya kuliko labu, na ameacha namba yangu kwenye programu, iwe inatuma kila saa. TANGI 1 ASILIMIA 38. Ilikuwa saa tatu. Nikalaza watoto, nikaweka simu kando ya mto. Ya saa nne ikaingia, 37. Ya saa tano sikuisikia. Nilipoamka saa kumi na nusu zilikuwa zimepangana hapo kwa skrini zote, hakuna hata moja iliyoruka.