Uzi chini ya gurudumu la mizani

Kwa muda mrefu sikutaka hata kukisikia kile kitazamio cha kielektroniki. Kamera yangu ilikuwa Leica M, ile iliyotangazwa mwaka 2012 na kuitwa Typ 240, na kilichonifanya niipende ni lile dirisha dogo la kioo lililo pembeni, juu. Ukichungulia humo unaiona dunia yenyewe, yote ang'avu, ya karibu na ya mbali. Katikati kuna kipande kidogo ambamo kitu kimoja huonekana mara mbili. Unazungusha lenzi taratibu mpaka picha mbili zilaliane, na hapo fokasi imekaa. Mistari myeupe inakuonyesha mpaka wa picha, na nje ya mistari hiyo bado unamwona anayekuja kabla hajaingia.

Kitazamio kilikuja na kamera nilipoinunua kwa mtu. Ni kisanduku cheusi chepesi kinachochomekwa juu, pale flashi inapokaa, na ndani yake kuna kioo kidogo chenye nukta zipatazo milioni 1.4. Kinakuonyesha kile ambacho sensa, kipande cha ndani kinachopokea mwanga na kuunda picha, inakiona kupitia lenzi, si zaidi wala si pungufu. Niliona ni kama kumvisha miwani mtu mwenye macho mazima. Nikakitia kwenye droo, na huko kikakaa.

Kilichokitoa droo ni mzee mmoja fundi saa. Alikuwa ameamua kufunga meza yake mwisho wa mwezi, nami nikamwomba aniache nikae naye nimpige picha akiwa kazini. Alikubali kwa sharti moja: nisiiguse meza.

Siku ya kwanza nilikwenda na lenzi ya milimita 50. Uso wake nilipata, mgongo ulioinama nilipata, na mikono yake chini ya taa nilipata vizuri mno. Lakini renjifainda, yaani ule mfumo wa dirisha wa kupima fokasi, haipimi umbali ulio chini ya sentimita 70. Kwa sentimita 70, saa ya mkononi iliyofunguliwa ni sarafu tu katikati ya picha, wakati mambo yote makubwa ya maisha ya yule mzee yametokea ndani ya sarafu hiyo. Jioni nilizipitia picha moja baada ya nyingine. Zilikuwa picha za mtu anayetazama kitu, na kitu chenyewe hakionekani.

Nilikuwa na lenzi ya zamani ya karibu, Macro-Elmarit-R ya milimita 60, iliyotengenezwa kwa kamera za SLR za kampuni hiyo hiyo, zile zenye kioo cha kuakisi ndani. Inasogea mpaka kitu kinaandikwa kwenye sensa kwa nusu ya ukubwa wake halisi. Inaingia kwenye M kwa adapta, ila adapta hiyo haigusi kile kigurudumu kilicho ndani ya mdomo wa kamera kinachoiambia renjifainda lenzi imezungushwa kiasi gani. Dirisha langu nilipendalo linakuwa halijui lolote. Zungusha utakavyo, zile picha mbili za katikati hazitikisiki. Kioo cha nyuma cha kamera kingeweza kusaidia, lakini taa ya mzee ilikuwa inakipiga kikawa kama bati. Nikafungua droo.

Kesho yake niliweka kamera kwenye stendi fupi, pembeni ya meza na si juu yake, lenzi ikitazama mlalo sawasawa na bamba la saa. Hapo ndipo nilipokiheshimu kile kisanduku kwa mara ya kwanza. Kinainuka hadi nyuzi 90, kwa hiyo niliweza kuinama na kuchungulia kutoka juu huku lenzi ikiwa chini kabisa, mahali ambapo kichwa changu kisingefika bila kumsukuma mzee kwenye kiti chake.

Kuona ndani ya saa kwa namna hiyo kulinichukua muda kujifunza. Kamera ina njia ya kupaka rangi nyekundu kingo za kila kilicho kwenye fokasi. Kwenye uso wa mtu inafaa sana. Kwenye chuma kilichong'arishwa inadanganya: kila jino la gurudumu linawaka, hata lisilo kali. Nikaizima. Badala yake nilibonyeza kitufe cha mbele na kukikuza kipande cha katikati mara kumi. (Lenzi ya M ikizungushwa, kamera inakuza yenyewe, kwa hii ya adapta ni lazima ubonyeze, kwa sababu ileile ya kigurudumu.) Tundu la lenzi nalo halijifungi lenyewe wakati wa kupiga. Kwa hiyo unalifungua lote hadi namba 2.8 (namba ndogo ni tundu kubwa), unatafuta fokasi pale penye unene wa milimita moja hivi, kisha unalifunga kwa mkono hadi 8 ili upate milimita mbili tatu, bila kuitikisa kamera. Mzee akipumzisha kiwiko mezani, picha yote ndani ya kitazamio ilitetemeka kama maji kwenye beseni. Alipoinua viwiko, ikatulia. Baada ya muda nilikuwa najua kila anapovuta pumzi.

Nilipoteza picha niliyoitaka kuliko zote. Mzee alishika kwa kibanio gurudumu la mizani, lile linalocheza kwenda na kurudi kuipa saa mwendo wake, pamoja na springi yake nyembamba kama unywele, akalishusha mahali pake. Nilibonyeza wakati linagusa. Lakini kamera ya aina hii ikiwa inaonyesha picha kwa sensa, pazia lake la kuzuia mwanga liko wazi; sharti lifungwe kwanza, ndipo lifunguke tena kupiga, na kitazamio huwa cheusi katikati ya hayo yote. Mkono wangu ulikuwa umezoea dirisha, ambamo kubonyeza na kupiga ni kitu kimoja. Mwanga uliporudi kibanio kilikuwa kimeshaondoka. Iliniuma, kwa sababu mzee hakuwa na mizani nyingine nyingi za kushusha.

Saa ile ilikuwa ya kutiwa ufunguo, ya aina ambayo mizani yake hugonga mara tano kwa sekunde. Mzee akaitia ufunguo kidogo. Gurudumu likacheza kwenda na kurudi, likazidi kuwa zito, likasimama. Akaligusa kwa ncha ya kibanio. Likacheza tena, likasimama. Alibana kioo chake jichoni akainama kwa muda mrefu, kichwa kikiwa juu ya saa kama anavyofanya siku zote. Hakusema neno. Nilimwona akishusha mabega.

Mimi nilikuwa nimebaki kwenye kitazamio, nimekuza mara kumi, natafuta tu fokasi ya picha inayofuata. Chini ya ukingo wa mizani, kati yake na bamba, palikuwa na mstari mwembamba wa kijivu. Dhana yangu ya kwanza ilikuwa vumbi kwenye sensa. Nikaisogeza kamera kidogo kushoto: vumbi la sensa lingebaki palepale ndani ya picha huku saa ikipita nyuma yake. Mstari ulisogea pamoja na saa. Nikalizungusha pete la lenzi mbele na nyuma. Mstari ukafifia na kurudi sambamba na ukingo wa gurudumu.

"Mzee," nikasema, "kuna kitu huku chini."

"Wapi?"

"Chini ya mizani. Kwa juu nadhani hakionekani. Njoo utazame humu."

Aliiangalia kamera, kisha akaniangalia mimi. Akatoa kioo chake jichoni, akakiweka kwenye kitambaa, akazunguka meza. Nilimwonyesha pa kuzungusha ili kitazamio kilingane na jicho lake, naye akazungusha kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayejua kuzungusha vitu vidogo. Alikaa kimya. Nilianza kufikiri labda nimeona vibaya.

"Uzi," akasema. "Ni uzi wa kitambaa changu, mwanangu."

Hakurudi upande wake. Aliomba kibanio, nikampa, na akafanya kazi akiwa palepale, jicho moja kwenye kitazamio na mkono ukiingia kutoka pembeni mwa lenzi. Mara ya kwanza alipita juu ya uzi. Kwenye kitazamio kila kitu kinachelewa kidogo mno, na mkono wake, kama wangu, ulikuwa umezoea kuona bila kuchelewa. Akasubiri, akajaribu tena, na uzi ukatoka: mfupi kuliko upana wa punje ya mchele. Aliuweka juu ya karatasi nyeupe.

"Upige na huo," akaniambia.

Niliupiga kwa tundu la 8, ukiwa peke yake kwenye weupe. Ndiyo picha pekee ambayo baadaye aliniomba nimchapie.

Alikuwa amesharudi kwenye kiti chake, anatia ufunguo. Nilichomoa kitazamio, nikakitia mfukoni, nikaondoa adapta, nikarudisha lenzi ya milimita 50. Nikaweka jicho kwenye dirisha. Uso wake ulikuwa ndani ya mistari, mkono wake bado uko nje, upande wa kulia, ukija na saa. Nikalaza picha mbili za sikio lake mpaka zikawa moja, nikangoja. Mkono ukavuka mstari, saa ikafika sikioni, macho yake yakafumba, nami nikabonyeza.