Mtoto Anapoduwaa

Kwetu Majengo, mtoto mchanga akikazana na kupindua macho huambiwa ana nyuni, na mtu mzima akianguka na kutoa povu ndiye mwenye kifafa. Mpwa wangu hakuingia katika fungu lolote kati ya hayo. Alikuwa akiduwaa katikati ya mazungumzo, akiramba midomo na kuchezea kifungo cha shati kwa dakika nzima au zaidi, kisha asikumbuke lolote.

Kadi yake ya kwanza ya kliniki iliandikwa "petit mal", yaani ugonjwa mdogo kwa Kifaransa, jina la enzi ambapo mishtuko ya kifafa ilipangwa kwa ukubwa wa kishindo chake. Mpango huo ulikwishaachwa zamani. Katika karne ya 19 John Hughlings Jackson alieleza kwamba mshtuko waweza kuanzia mahali maalumu katika ubongo, na mwaka 1929 Hans Berger akachapisha michoro ya umeme wa ubongo wa binadamu. Jumuiya ya kimataifa ya kupambana na kifafa, iliyoundwa Budapest mwaka 1909, iliitenga mwaka 1981 mishtuko ya sehemu na ile ya ubongo mzima, na ile ya sehemu ikaigawa kuwa sahili, fahamu zikibaki, na changamano, fahamu zikiathirika. Sijui nani alitarajia mzazi aelewe neno hilo la mwisho! Mwaka 2017 majina hayo ya sahili na changamano yaliondolewa yote mawili, pakabaki maswali yaliyo wazi zaidi: mshtuko umeanzia wapi, na je, mgonjwa alikuwa akijitambua?

Hapo ndipo Kiswahili chetu kilipotuponza. Dada yangu alipoulizwa kama mwanawe hupoteza fahamu alijibu hapana, kwa kuwa kwetu kupoteza fahamu ni kuzirai, na mtoto alikuwa amesimama wima. Marekebisho ya jumuiya hiyo ya mwaka 2025 yanazipima fahamu kwa mambo mawili: kujitambua, ambako hujulikana kwa kukumbuka baadaye, na kuitikia unaposemeshwa. Laiti angeulizwa, "Ukimwita, huitika?"

Jambo hili si la majina matupu, maana kuduwaa kwa sekunde chache kunakohusu ubongo mzima kunaweza kuzidishwa na carbamazepine, dawa ambayo huwafaa wengi wenye mishtuko ya sehemu moja. Daktari wa pili aliitazama video tuliyoirekodi kwa simu, akaagiza kipimo cha umeme wa ubongo, kisha akalikata lile neno la Kifaransa na kuandika juu yake: mshtuko wa sehemu moja, fahamu zikiathirika.