Kumbukumbu ya mradi wangu: filamu fupi ya mlinzi na simu inayoita, na trela iliyoanza kabla ya filamu

Haya wadau, update ndefu kidogo. Kushuti kumeisha, uhariri wa kwanza upo, trela iko karibu kukamilika, posta ndo bado inanitoa jasho.

Kwa waliochelewa: ni filamu ya kama dakika kumi na mbili, mlinzi wa usiku kwenye jengo la ofisi zilizohamwa, simu ya mezani inaanza kuita kwenye chumba ambacho laini yake ilishakatwa. Ndo hivo tu. Muigizaji mmoja anaonekana, mwingine anasikika. Ila mradi wenyewe kiukweli ni jaribio la kitu kimoja, kutengeneza filamu na matangazo yake kwa pamoja toka skripti, sio filamu iishe ndo mtu aanze kukuna kichwa ataitangazaje. Maana sisi wa bajeti za kuungaunga ndo mtindo wetu huo, nguvu zote zinaishia kwenye kamera na taa, alafu siku ya kuitoa tunatafuta shoti nzuri tunabandika maandishi mekundu tunaita posta.

Sentensi moja

Kabla sijaandika sini hata moja niliwasimulia watu sentensi moja tu, mlinzi anasikia simu inaita kwenye ofisi ambayo laini ilishakatwa, alafu nikakaa kimya nisikilize wananiuliza nini. Mi nilidhani wataniuliza nani anapiga. Wengi wakaniuliza, anapokea? Hapo ndo skripti ikageuka, kwa sababu haya ni maswali mawili tofauti kabisa. Nani anapiga ni fumbo, linataka maelezo, na maelezo kwenye filamu fupi yanakula muda na mara nyingi yanachosha. Anapokea au hapokei ni uamuzi wa mtu mmoja aliyesimama mbele ya meza, na hapo mtazamaji anajiuliza ingekuwa yeye angefanyaje. Kwaiyo nikaitoa sini nzima ya maelezo ya historia ya jengo, na dakika nilizookoa nikazipeleka zote pale mezani.

Na hilo swali ndo likawa sheria ya matangazo pia: hakuna sehemu yoyote, iwe trela, posta, au kaklipu ka sekunde kumi, itakayoonyesha kama anapokea. Chochote kingine ruksa.

Kushuti

Kwenye orodha ya shoti niliongeza safu ya pembeni ya vitu vya matangazo tu. Shoti ambazo najua kwenye filamu hazitaingia lakini trela itazihitaji, mfano korido tupu iliyotulia na nafasi kubwa juu ya kuandika maneno, au uso wa mlinzi kwa karibu bila kufanya chochote. Waigizaji wanashangaa kidogo ukiwaambia simama tu, usiigize, ila wanazoea.

Kingine ni mtu wa picha za mnato kwenye seti. Hapa wengi wanasema ah, si nitakata fremu kutoka kwenye video. Sikia, ukishuti fremu 24 kwa sekunde na shata (muda ambao kamera inaruhusu mwanga kuingia) ya kawaida ya sekunde 1/48 au 1/50, kila fremu ina ukungu kidogo pale mtu anaposogea, na ule ukungu ndo unafanya video ionekane laini machoni. Ukiisimamisha sasa, mkono unakuwa kama moshi. Kwenye simu unaweza usione, kwenye posta kubwa inaonekana vibaya mno. Kwaiyo baada ya shoti muhimu tunarudia mkao uleule dakika mbili, kamera ya picha inaingia, shata ya haraka, basi tunaendelea. Ratiba haikuumia.

Sauti tulirekodi mlio wa simu kwa umbali tofauti, mezani kabisa, mlangoni, mwisho wa korido, na nyuma ya mlango uliofungwa. Alafu kimya cha kila chumba, watu wote wametulia hakuna anayekohoa, kwa sababu kila chumba kina kimya chake na bila hicho ukikata maneno panabaki shimo ambalo sikio linalisikia hata kama mtu hajui amesikia nini. Kama mnakumbuka kitu kimoja tu kwenye andiko hili kiwe hiki. Picha mbovu kidogo watu wanavumilia, sauti mbovu wanafunga.

Na kuna kitu kidogo aliyeandaa vifaa vya seti alikifanya hata sikumwomba. Simu aliipaka vumbi yote, namba zote, waya wote, ila mkonga, ile sehemu unayoshika na kuweka sikioni, akauacha safi. Hajasema kitu, ameiweka tu mezani akaondoka. Nikaisogelea na lenzi nikaona, kumbe kuna mtu huwa anaushika huu mkonga. Hiyo shoti haina mwendo wowote, ni simu na vumbi, na ina hadithi kuliko kurasa mbili za maneno nilizokuwa nimeandika.

Pesa na hadithi tunazodanganyana

Hapa nitoke kidogo nje ya mradi maana kuna kitu kinanikera. Kila mtu akitaka kututia moyo anatupa mfano wa filamu ya kutisha ya The Blair Witch Project ya 1999, ooh ilishutiwa kwa dola elfu sitini hivi ikaingiza karibu milioni 250 duniani, na wewe unaweza. Ni kweli ilishutiwa kwa hela kidogo. Wasichosema ni kwamba kampuni iliyoinunua ilimwaga mamilioni ya dola kwenye kuisambaza na kuitangaza, na kabla ya hapo watengenezaji walishajenga tovuti inayosimulia wanafunzi waliopotea kana kwamba ni tukio la kweli, enzi ambayo watu walikuwa bado hawajazoea kudanganywa na intaneti. Ile ilikuwa kiki ya wakati wake. Leo ukiifanya, mtu anaukuta ukurasa wa muigizaji wako dakika hiyohiyo amepost picha ya birthday.

Mfano wenye somo zaidi kwangu ni Jaws, ile filamu ya papa ya 1975. Kabla yake filamu nyingi kubwa zilikuwa zinafunguliwa kwenye kumbi chache za miji mikubwa alafu zinasambaa taratibu kadiri watu wanavyosimuliana. Hii, kampuni ya Universal waliifungua siku moja kwenye kumbi zaidi ya 400 na siku zile kabla ya kutoka wakatumia kama dola 700,000 kwenye matangazo ya TV. Ikaleta pesa balaa, na toka hapo wikiendi ya kwanza ikawa ndo kila kitu. Na ndo sababu hesabu za filamu kubwa zinachanganya watu, unasikia imetengenezwa kwa milioni mia imeingiza milioni mia na hamsini unasema faida, wakati wenye kumbi wanachukua takriban nusu ya tiketi na gharama ya matangazo mara nyingi haimo kwenye ile bajeti inayotajwa. Kwaiyo hiyo inaweza kuwa hasara tupu.

Sisi hatuna hela ya TV, sawa. Ila swali lao na letu ni moja, mtu ajue nini kabla ya kuingia, na asijue nini.

Trela

Nilianza kuikata kabla sijamaliza kuhariri filamu, makusudi, nione swali linasimama lenyewe bila msaada wa hadithi. Urefu niliupanga chini ya dakika moja. Zile trela za sinema Marekani zimezoeleka kuishia dakika mbili na nusu, na mwaka 2014 chama cha wenye kumbi kule kilitoa mwongozo kwamba zisizidi dakika 2, kwa sababu watazamaji walishachoka kusimuliwa filamu nzima. Sasa kama filamu ya saa mbili inabanwa hivyo, mimi wa dakika kumi na mbili nikitoa trela ya dakika mbili si nimeshaionyesha filamu yenyewe.

Mpangilio niliufuata mlio wa simu. Kila ikiita, shoti inabadilika. Inaita mbali, korido. Inaita karibu kidogo, tochi inageuka. Inaita nyuma ya mlango, kitasa. Kimya kati ya mlio na mlio nakiacha kilekile kama simu ya kweli inavyoita, sikifupishi hata kama mkono unawasha, maana mtazamaji akishazoea mdundo mwili wake unaanza kusubiri wenyewe. Alafu ya mwisho mkonga msafi na vumbi, mkono unaingia kwenye fremu, na mlio unaofuata hauji. Jina la filamu. Basi.

Kuna kitu kilinikalisha chini hapa. Ule uso wa mlinzi usiofanya chochote, nikiuweka baada ya simu anaonekana anaogopa, nikiuweka baada ya kiti kitupu anaonekana ana huzuni. Uso uleule. Hili Warusi walishalionyesha miaka zaidi ya mia iliyopita, jaribio la mwongozaji Lev Kuleshov, uso wa muigizaji mmoja, ukipachikwa karibu na sahani ya supu watu wanaona njaa, karibu na jeneza wanaona majonzi. Sasa trela inaishi kwa huo ujanja, na hapo kuna mpaka. Filamu yangu kiukweli ni ya huzuni kuliko ya kutisha. Ningeweza kuiuza kama ya kutisha kwa kupanga tu nyuso, na ingepata watazamaji wengi zaidi siku ya kwanza, ambao wangetoka wananitukana. Nikaamua mlio mmoja katikati uende na kiti kitupu, ili mwenye kuangalia vizuri ajue anaingia wapi.

Psycho ya 1960 nayo ina somo zuri sana, trela yake ni mwongozaji Hitchcock mwenyewe anatembeza watu kwenye seti zaidi ya dakika sita, anaonyesha ngazi, anaonyesha bafu, anaanza kueleza anakatisha, na sini za filamu karibu hazimo kabisa. Yani aliuza hamu tupu. Alafu kwenye kumbi ikawekwa sheria hakuna kuingia ikishaanza, na sheria yenyewe ikageuka tangazo.

Nimekata pia toleo la wima la simu lisilotegemea sauti, maana watu wengi wanaangalia wamezima. Hii ilikuwa kesi, filamu inayobebwa na mlio wa simu utaiuzaje kimya? Suluhisho, tuliwasha taa nyekundu ndogo kwenye simu inayowaka kila inapoita (imo kwenye filamu pia) na neno moja linatokea na kupotea, INAITA. Inatosha.

Kuwaonyesha watu

Niliwaita wachache wasiohusika na mradi, nikakaa nyuma yao, nikaangalia vichwa badala ya skrini. Mtu akivutiwa hatikisiki. Pale mlinzi anapozunguka ghorofa ya pili mabega yakaanza kucheza, mmoja akachungulia simu yake. Hakuna aliyeitaja hiyo sehemu nilipouliza baadaye, wote walisema nzuri, nzuri. Imekatwa nusu.

Mapendekezo yao ya mwisho ubadilike sikuyachukua. Mgonjwa anajua panapouma, dawa sio kazi yake. Najua kuna waliofuata, Fatal Attraction ya 1987 mwisho wake ulishutiwa upya baada ya watazamaji wa majaribio kuukataa, wakataka yule mwanamke anayemwandama mume wa mtu aadhibiwe, na filamu ikauza sana. Ila ile ni pesa ya watu wengine, ina wenyewe wa kuijibia. Mimi nina uhuru wa kuuacha mwisho ulivyo.

Kilichonisaidia zaidi ni nyuso zao. Dakika ile ya mezani wamekaza shingo wote upande mmoja. Nikakumbuka lile bango la ndugu wawili wa Lumière, Wafaransa waanzilishi wa sinema, lililochorwa na mchoraji Auzolle, mwanzoni kabisa mwa sinema, sehemu kubwa yake ni watazamaji wanacheka mbele ya skrini. Na Paranormal Activity ya 2009 ilifanya vilevile kwenye trela, kamera ya gizani inaonyesha ukumbi unaruka na kupiga kelele, huku watu wakiombwa wabonyeze kwenye mtandao ili filamu iletwe mji wao. Zaidi ya karne moja imepita na kuonyesha watu wanaoangalia bado kunauza. Kwaiyo onyesho lijalo nitaweka kamera ndogo mbele yao, kwa ruhusa yao, na hiyo itakuwa klipu ya pili.

Posta

Hapa tunabishana na mchoraji. Yeye anataka uso wa muigizaji, anasema watu wanabonyeza nyuso, na hajakosea. Mimi nataka simu, vumbi, mkonga msafi, basi. Tumekubaliana azitengeneze zote mbili kwa ukubwa wa kidole gumba, maana mtu ataiona hivyo kwanza, na ambayo kile kitu chake kikuu kinapotea ndo imeshindwa. Wasiwasi wangu ni kwamba vumbi halitaonekana kwa ukubwa huo. Ikiwa hivyo uso unaenda kwenye kava la mtandaoni, simu inabaki ya karatasi.

Vilivyobaki

Kumiksi sauti, rangi, sabtaito. Alafu uamuzi mgumu, kuipandisha mtandaoni moja kwa moja au kuipeleka kwanza kwenye matamasha, ambapo mengi yanakagua kama filamu imeshawekwa hadharani na mengine yanaikataa kwa hilo tu. Ninaelekea matamasha kwanza, trela peke yake ndo iwe hadharani, ila hapo kuna hatari trela ikamaliza hamu miezi mingi kabla filamu haijafika kwa watu. Pengine nitoe ile klipu ya wima tu kwa sasa na trela ndefu isubiri tarehe. Kama kuna aliyepitia hii njia aniambie alingoja muda gani kati ya trela na filamu.