Uso wa sendofu kwenye chumba cha usaili

"Binti, umetokea kwenye shughuli?"

Aliyeniuliza hivyo alikuwa mmoja wa wasaili, mama wa makamo mwenye miwani. Aliuliza kwa upole kabisa, ila wenzake wawili waliinamia makaratasi ghafla. Nilikuwa nimetokea nyumbani, Kimara. Lakini nilijua anachokiona.

Ilikuwa Novemba, usaili wangu wa kwanza tangu nimalize chuo, nafasi ya mhasibu msaidizi. Dada mmoja mpambaji hapa mtaani, fundi kwelikweli wa maharusi, alijitolea kunipamba bure. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimeshakaa kwenye kiti chake. Alinipaka alivyozoea kupaka: fondesheni nzito, nyusi za kuchora, kope za bandia, mashavu yanayong'aa. Kwenye kioo chake chenye taa nilijiona mzuri mpaka nikajipiga picha sita. Ulikuwa uso wa sendofu, na kwenye ukumbi wenye taa za rangi ungenitoa vizuri mno.

Ila nilikuwa napanda mwendokasi. Kutoka Kimara hadi Posta asubuhi unasimama, mkono juu, kwapa la mtu liko karibu na pua yako. Kufika Magomeni jasho lilikuwa limeanza kuchora njia zake. Nikatoa tishu nikafuta shavu, kosa kubwa, maana fondesheni ilitoka na tishu na pale nilipofuta pakabaki rangi yangu halisi. Uso ulikuwa chai ya maziwa, shingo chai ya rangi. Kope ya kulia ikaanza kuachia kwenye kona.

Na hizo hazikuwa hata shida kubwa. Shida kubwa ilikuwa kichwani. Rasta nilisuka usiku wa kuamkia siku hiyo, tukamaliza saa sita na nusu, na msusi alivuta kama anafunga mzigo wa kwenda mkoani. Sikulala. Vipele vilinitoka kwenye paji la uso, na nikitabasamu nasikia maumivu mpaka kisogoni. Yeyote aliyewahi kusuka anajua rasta mpya zinavyowasha, na anajua dawa yake: kukipigapiga kichwa kwa kiganja, maana kukuna utaharibu. Nilipoulizwa nieleze usuluhisho wa hesabu za benki, yaani kulinganisha vitabu vya ofisi na taarifa ya benki, nilijikuta nimeshajipiga makofi matatu kichwani mbele ya watu watatu.

Kazi sikupata. Sisemi nilikosa kwa sababu ya kope, hata swali lenyewe la usuluhisho nilijibu nusu. Lakini nilijibu nusu kwa sababu nusu ya akili yangu ilikuwa kwenye kichwa kinachowasha na kope inayoning'inia.

Februari nikaitwa tena, safari hii kwenye taasisi ya mikopo, nafasi ya dirishani. Baba, ambaye ni mtumishi mstaafu wa serikali, alisema kabla sijamuuliza nisome Waraka wa mwaka 2007 wa mavazi ya watumishi wa umma. Nikamwambia, baba, hii ni taasisi binafsi. Akasema heshima haina ubinafsi. Akanikumbusha pia Septemba 2018, Spika Job Ndugai alipopiga marufuku kope na kucha za bandia kwa wabunge wanawake ndani ya Bunge. Mimi kope ya mtu mwingine hainihusu, na sioni Bunge linapungukiwa nini nayo. Za kwangu niliziacha kwa sababu gundi imeshindwana na jasho la Dar, basi.

Nywele ndizo zilizonichukua muda. Wigi ninalo, zuri, la mabegani. Jumapili moja nililivaa saa saba mchana nikatembea nalo mpaka kituoni, nikarudi nimelibeba mkononi. Nywele zangu za asili nazipenda, lakini sijawahi kujifunza kuzituliza. Nikizichana vizuri saa moja, saa nne zimeshajikunja kwa unyevu kila moja kivyake. Mwenye mkono nazo aende nazo, wapo wengi na wanapendeza. Kwangu nikaona si wakati wa kujifunza kitu kipya kichwani.

Basi nikarudi kwenye twende kilioni, mtindo nilioufahamu tangu shule ya msingi.

"Mistari mingapi, dada'angu?" msusi akauliza.

"Minane. Mikubwa. Na usinivute, nina usaili."

"Si ndiyo nikuvute upendeze?"

"Nikae siku nne bila kuwashwa, hapo nitapendeza."

Nilisuka Jumamosi, usaili ulikuwa Jumatano. Ule muwasho wa siku mbili za mwanzo uliniishia nyumbani, mng'ao wa ngozi ya kichwa ukatulia, na nywele fupifupi za mbele zikalegea zenyewe bila jeli. Ncha zote nikazikusanya nyuma, kibanio kimoja, chini kisogoni.

Fondesheni nilikwenda kununua Kariakoo. Muuzaji alinipaka nyuma ya kiganja, kama wanavyofanya wote, na mikono yangu imeungua jua kuliko uso. Nikamwomba anipake mistari mitatu kwenye taya, nikatoka nayo nje juani, kwa sababu taa za dukani zinamfanya kila mtu kuwa mweupe. Machinga wa soksi aliyekuwa mlangoni akanitazama, akasema, "Dada, huo wa kushoto mbona hauonekani?" Nikanunua huo wa kushoto.

Jumanne nikafanya mazoezi. Nilijipaka saa mbili asubuhi kisha nikafua, nikapika, nikaenda gengeni, na kila baada ya muda najitazama kwenye kioo. Pua na juu ya mdomo vilikuwa vya kwanza kuloa. Wanja wa chini ya jicho kufika saa sita ulikuwa umenigeuza bundi, nikaufuta moja kwa moja, nikabakiza wa juu mwembamba. Lipstiki ya damu ya mzee naipenda kuliko zote, ila nilipokunywa maji ikabaki kwenye glasi, nusu nje nusu kwenye meno. Nikachukua ya kahawia, inayokaribia mdomo wangu wenyewe. Nyusi nilizitinda kidogo tu chini, siku tatu kabla, wekundu upate kuisha.

Rafiki yangu anayevaa ushungi alinicheka, akasema yeye anamalizana na mambo hayo kwa dakika tano. Baadaye akakiri kwamba aliwahi kwenda na mtandio wa kuteleza, akashika kichwa usaili mzima. Siku hizi anaanza na kofia ya pamba ndani, mtandio juu, pini mbili.

Shangazi alipiga simu kutoka Tanga. "Mwanangu, usijimiminie pafyumu ukaingia nayo chumba cha watu. Nguo ifukize udi usiku, kidogo tu, uitundike." Nikafukiza. Asubuhi blauzi ilinukia pale tu mtu anapokukaribia sana.

Siku yenyewe nilipanda mwendokasi uso mtupu, mafuta tu, nimejifunga kitambaa kichwani. Nilifika dakika hamsini kabla, nikakaa mapokezi kwenye kiyoyozi mpaka jasho likakauka kabisa, ndipo nikaingia msalani na kipochi changu. Kupaka kukachukua dakika kumi. Tishu nilikuwa naikandamiza, sifuti.

Msichana mwingine tuliyekuwa tunasubiri naye alikuwa na wigi refu la rangi ya dhahabu na kucha ndefu za bandia. Aliingia kabla yangu, akatoka anacheka.

Mimi waliniuliza ningefanya nini mteja akileta noti ninayoishuku, na foleni nyuma yake ni ndefu. Nikaeleza hatua kwa hatua, wakaongeza la pili juu ya hilo, nikaeleza tena. Mikono ilikuwa mapajani muda wote. Nilipoingia kwenye lifti ndipo nikajiona kwenye kioo na kukumbuka kwamba nimejipaka.

Barua ilikuja baada ya wiki tano. Siku ya kwanza kuripoti nilimkuta yule wa wigi la dhahabu ameshakaa dirisha namba mbili, ananipungia kucha.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kwa msusi.

"Minane?" akauliza.

"Rasta ndogondogo," nikasema. "Na nchani uniwekee damu ya mzee."