Mikono Miwili Juu ya Kichwa Kimoja

Somo: Mambo ya Walawi 16:6–22

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumamosi usiku timu ninayoishabikia ilifungwa dakika za mwisho. Kabla kipa hajainuka pale chini, nilikuwa nimeshaandika juu yake kwenye kundi letu la simu. Sitayarudia maneno yale hapa. Kesho yake nikaketi ibadani, na somo likawa la yule mbuzi anayebebeshwa dhambi za watu na kupelekwa jangwani.

Sura hii nimeisoma mara nyingi, lakini safari hii mstari wa 6 ndio ulionishika. Haruni haanzi na mbuzi. Anaanza na ng'ombe wa sadaka ya dhambi, "kwa ajili ya nafsi yake", na nyumba yake. Hata anapomfikia mbuzi aliye hai na kumwekea mikono yote miwili kichwani, kwanza anaungama, tena anaungama dhambi za wote. Mbuzi hakukosa kitu, na kila aliyesimama pale alijua hivyo. Sisi mikono tunaiweka upesi, ila kuungama tunakuruka, halafu tunaapa kwamba mbuzi ndiye mkosaji.

Nimemfikiria sana Moacir Barbosa, kipa wa Brazil. Tarehe 16 Julai 1950, uwanja wa Maracanã, Brazil ilihitaji sare tu dhidi ya Uruguay ili itwae Kombe la Dunia, na ilitangulia kufunga. Uruguay wakasawazisha: Ghiggia alipita winga ya kulia, akapiga krosi, Schiaffino akamalizia. Ilipofika dakika ya 79, Ghiggia akapita tena kule kule. Barbosa akasogea kidogo kuiwahi krosi. Kipa yeyote aliyeona bao la kwanza angesogea. Mpira ukapigwa moja kwa moja, ukapenya kati yake na mlingoti. Mabeki walikwisha kupitwa, washambuliaji walikuwa na bao moja tu siku nzima, lakini jina lililobaki midomoni mwa watu likawa lake. Miaka 20 baadaye, mama mmoja alimwona dukani akamwonyesha mwanawe: huyu ndiye aliyeiliza Brazil nzima. Kabla ya kufariki mwaka 2000, mzee huyo alisema kwamba adhabu kubwa kabisa nchini kwake ni miaka 30, lakini yeye ameitumikia 50.

Andrés Escobar wa Kolombia hakupewa hata hiyo miaka. Alijifunga dhidi ya Marekani Juni 1994, akijinyoosha kuzuia krosi, kazi ambayo beki amewekwa uwanjani aifanye. Siku 10 baadaye alipigwa risasi Medellín, akiwa na umri wa miaka 27.

Kayafa, kuhani mkuu aliyeshauri Yesu auawe, naye alikuwa na hesabu kama hii: "yafaa mtu mmoja afe kwa ajili ya watu, wala lisiangamie taifa zima" (Yohana 11:50). Yohana anaiona humo siri ya wokovu wetu, na ni kweli. Lakini kinywani mwa Kayafa yalikuwa maneno ya mtu anayetafuta nafuu, na nafuu ile naifahamu. Ukishampata wa kumlaumu, maumivu hupungua. Ndiyo maana tunamwahi golini kipa wetu, na nyumbani tunamwahi mtoto yule yule kila kitu kinapoharibika. Hata kwenye kwaya huwa kuna sauti moja tunayoitazama wimbo unapokwenda kombo.

Bwana wetu alikwisha kutolewa nje ya mji mara moja, na ikatosha. Hatafutwi mwingine.

Ule ujumbe wangu nimeufuta. Lakini waliousoma wameshausoma, kwa hiyo asubuhi hii nimeandika mwingine kwenye kundi lile lile: kwamba nilimkosea kijana yule, na kwamba krosi ile ilipita mabeki watatu kabla ya kumfikia yeye.