Moshi Mweupe wa Ekzosi: Kabla Hujakubali Injini Ifunguliwe

Ni hitilafu chache za gari zinazotolewa hukumu haraka kama moshi mweupe. Ukionekana tu kwenye ekzosi, mmoja atasema gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi (sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda) na bloki, imeungua, mwingine atasema injini imekwisha, na kabla jua halijazama gari limeshapelekwa kufunguliwa. Msimamo wangu ni kwamba isiguswe hata boliti moja ya hedi mpaka maswali matatu yapate majibu: moshi unatoka wakati gani, una harufu gani, na maji ya rejeta yanapungua au hayapungui.

Upo moshi mweupe usio na ubaya wowote. Petroli inapoungua huzaa mvuke wa maji, tena si kidogo, kwa kuwa lita 1 ya petroli hutoa takriban lita 1 ya maji. Bomba likiwa bado baridi, mvuke huo huonekana kama wingu jepesi, na pengine maji hudondoka kabisa kwenye ncha ya ekzosi. Wingu hilo hupotea hewani mara moja, na bomba likishapata moto halionekani tena, isipokuwa kwenye baridi kali.

Moshi unaotokana na maji ya rejeta yanayoingia ndani ya silinda una tabia nyingine. Huwa mzito, hubaki ukining'inia nyuma ya gari, hauishi hata injini ikishapata moto, na kama rejeta imetiwa dawa yenye glaikoli, harufu yake huwa ya utamutamu. Harufu hiyo isitafutwe kwa kuinamia bomba, kwa sababu hewa ya ekzosi ina kaboni monoksidi. Inatosha kusimama kando, mahali pa wazi.

Hata hivyo macho na pua havitoshi. Jaza maji injini ikiwa baridi, tia alama kwenye tangi la akiba la maji ya rejeta, endelea kulitumia gari huku ukiitazama geji ya joto, kisha kagua tena injini ikiwa baridi vilevile. Maji yakipungua ilhali hakuna mpira, pampu wala rejeta inayovuja nje, basi yanapotelea ndani. Hapo ndipo ninapopenda kuzitoa plagi zote na kuzipanga kwa mfuatano wa silinda zake. Plagi ya silinda iliyo salama huwa na rangi ya kahawia hafifu au kijivu kwenye kauri yake, lakini ile ya silinda inayoingiza maji mara nyingi hutoka nyeupe na safi kupita wenzake, kana kwamba imeoshwa, kwa kuwa mvuke umeondoa masizi yote. Ukiiona plagi ya namna hiyo, umeshajua hata ni silinda ipi ya kuanza nayo.

Upo pia ushahidi wa mkono. Washa injini iliyolala usiku kucha, na baada ya dakika 1 au 2 uubane mpira wa juu wa rejeta. Maji bado ni baridi, hayana sababu ya kuwa na presha. Mpira ukiwa umeshakakamaa, yaelekea gesi za mwako zinapenya kwenye njia za maji. Fundi mwenye kifaa cha kupimia gesi hiyo atathibitisha bila kufungua chochote zaidi ya mfuniko wa rejeta, tena injini ikiwa imepoa: hewa iliyo juu ya maji hupitishwa kwenye dawa ya bluu, nayo hugeuka njano ikikuta kaboni dayoksidi. Ninakipa kipimo hiki uzito kuliko ule utando wa rangi ya maziwa chini ya mfuniko wa oili, ambao unaweza kuletwa na safari fupifupi tu. Oili yenyewe ikiwa ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia, hapo gari lisiwashwe tena.

Kwa injini ya dizeli mambo hubadilika, kwa sababu mara nyingi moshi mweupe huwa ni dizeli isiyoungua. Hunuka dizeli mbichi na kuchoma macho, na chanzo chake huwa hita plagi (zinazopasha silinda moto wakati wa kuwasha) zilizokufa, nozeli ya kunyunyizia dizeli inayodondosha, taimingi iliyochelewa, yaani dizeli kunyunyizwa kwa kuchelewa, au kompresheni ndogo, yaani mgandamizo hafifu wa hewa ndani ya silinda. Na dizeli ikipoteza maji kweli, ikaguliwe kwanza kipoozeo cha gesi za ekzosi zinazorudishwa kwenye injini, kama gari linacho, maana kikitoboka hutoa moshi uleule na hedi ikashukiwa bure.

Ikithibitika kuwa ni gasketi, hedi ikishashushwa ilazwe rula ya chuma iliyonyooka na ipimwe kama imepinda, itafutwe nyufa, na boliti zibadilishwe pale mtengenezaji anapoagiza. Kilichosababisha injini kuchemsha, iwe thamostati (vali inayofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta) iliyoganda, feni isiyozunguka au rejeta iliyoziba, kirekebishwe katika kazi hiyohiyo, la sivyo gasketi mpya itaungua kama ile ya zamani.