Bilauri za mfenesi zilikuwa zikinipasukia, sasa zimetulia

Alhamdulillahi nimepumua. Nakereza bilauri za mti zenye mguu, watu wanawapa maharusi kama kumbukumbu, sasa kila nikimaliza pea safi kabisa siku ya tatu naikuta ina ufa kutoka mdomoni mpaka karibu na mguu. Nikaanika juani, ndo ikazidi. Nikajaza supaglu na vumbi la msasa, ufa ukafunguka pembeni yake. Mafuta ya nazi yalinukia tu.

Kilichosaidia: gogo bichi napasua katikati, kiini chote natoa. Halafu nakereza nene, bilauri ya upana wa sentimita 8 naacha ukuta wa milimita 8 hivi, natia kwenye mfuko wa karatasi na maranda yake yenyewe, naweka kivulini. Kila Ijumaa naipima kwa mizani ya jikoni ya mke wangu (keshazoea) na gramu naandika kwa penseli pale kitakoni. Uzito usiposhuka Ijumaa mbili mfululizo, yaani mti umekauka, ndo narudisha kwenye mashine ya kukerezea namalizia. Hiyo penseli ndo dawa, zamani nilikuwa nakisia kwa kushika tu.

Pea ya harusi ya Makunduchi ina miezi minne, juzi nimeichungulia kabatini kwao, haina hata mstari.